Picha ya Dubu na Malkia Aliyeonywa

Katika nchi nyingi watu hupelekeana kadi za salamu zenye picha za kale, na baadhi yake ni picha za nyumba za kifalme za Uchina. Mtu huyaona mavazi marefu ya hariri, husifu uzuri wake, kisha huiweka kadi dirishani. Walakini si zote zilizochorwa kwa kupamba tu. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kueleza habari ya picha moja, mpate kujua ilitokana na jambo gani.

Picha hiyo ni gombo la hariri, urefu wake kama meta tatu na nusu, na upana wake kadiri ya shubiri moja. Kwa desturi husemwa kuwa ni kazi ya Gu Kaizhi, mchoraji wa karne ya 4, lakini wataalamu wengi huona ni nakala iliyofanywa baada yake. Maneno yaliyochorewa picha ni ya waziri Zhang Hua, aliyeyaandika mwaka 292.

Siku zile Kaisari Hui alikuwa mtu wa akili chache, na ufalme ulikuwa mikononi mwa mkewe, Malkia Jia. Mwaka 291 malkia alimwangamiza Yang Jun, baba yake mjane wa kaisari aliyetangulia. Mwaka uliofuata mjane mwenyewe alinyimwa chakula hata akafa. Naye ndiye aliyemtetea Jia zamani, alipokuwa karibu kufukuzwa na mkwewe.

Nani angethubutu kumkemea malkia wa namna hiyo? Nabii Nathani alipomwendea Daudi alianza kwa hadithi ya mwana-kondoo. Zhang Hua naye hakumtaja malkia. Aliandika maonyo kama ya mwalimu afundishaye wanawake wa nyumba ya kifalme, akawakumbusha wenzao wa zamani.

Mmoja ni Bibi Feng. Mwaka 38 kabla ya Kristo, Kaisari Yuan alikuwa akitazama mapigano ya wanyama, na dubu akatoka kizimbani. Wake wengine wakakimbia, Bibi Fu akiwa mmoja wao. Bali Feng akaenda akasimama mbele ya dubu, mpaka askari wakamwua mnyama. Wa pili ni Bibi Ban. Kaisari Cheng alimwita apande naye katika machela, naye akakataa. Alisema kwamba katika picha za kale wafalme wema huonekana na mawaziri wao kando, bali wale walioangamiza nchi huonekana na wanawake wao wapenzi.

Je, wema wao uliwaokoa? Ban alisingiziwa uchawi. Akajitetea vema, kisha akaomba kuondoka kwenda kumtumikia mama wa kaisari. Feng hakupona. Mwaka 6 kabla ya Kristo yule Bibi Fu aliyemkimbia dubu alikuwa mwenye nguvu, maana mjukuu wake ndiye kaisari. Akamshtaki Feng kwa uchawi, na Feng akajiua. Hayo hayamo katika gombo. Dubu amechorwa, wivu haukuchorwa, nao ndio uliomwua.

Na Malkia Jia? Husemwa alimheshimu Zhang Hua, walakini hakugeuka. Mrithi wa ufalme alikuwa mwana wa mke mwingine. Jia akamlevya kijana huyo, akamnakilisha barua yenye maneno ya uasi, kisha akaitoa kuwa ushahidi. Zhang Hua alimtetea, lakini mwaka 300 kijana aliuawa. Mwaka ule ule Sima Lun, mkuu mmoja wa ukoo wa kifalme, akampindua malkia, naye akanyweshwa sumu. Zhang Hua pia akauawa. Wakuu wakapigana wao kwa wao mpaka mwaka 306, na mwaka 311 adui wakauteka Luoyang, mji mkuu. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Gombo likabaki. Katika karne ya 18 Kaisari Qianlong alilipenda, akalipiga mihuri yake. Mwaka 1900, wakati wa vita vya Peking, lilifika mikononi mwa ofisa mmoja wa jeshi la Waingereza, na mwaka 1903 nyumba ya makumbusho ya London ikalinunua kwa pauni 25.

Labda mtu atasema Zhang Hua alifanya kazi bure. Mimi sidhani hivyo. Nabii Ezekieli alifundishwa kwamba mlinzi huulizwa kama alipiga tarumbeta, wala haulizwi kama watu waliamka. Lakini aliyeisikia tarumbeta akalala, huyo ataulizwa. Basi, msomaji, ukipelekewa kadi yenye mwanamke aliyesimama mbele ya dubu, usiitazame hariri tu. Kumbuka ilikuwa onyo, na ya kuwa aliyeonywa alikuwa na miaka minane ya kutubu, asitubu.