Dosari ya Mhusika au Nguvu za Historia? Anguko la Kinjeketile Likilinganishwa na Majimaji ya Uzaramo

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tanzia, anguko la shujaa huelezwa mara nyingi kwa dosari ya tabia yake. Mkabala huo hunasibishwa na Aristotle, ingawa neno alilolitumia, hamatia, asili yake ni kukosa shabaha, wala si uovu wa moyo. Tofauti hiyo ina uzito katika kuihakiki Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji. Sehemu hii inaupima mkabala huo kwa historia ya Uzaramo, eneo ambalo leo limo katika wilaya kadhaa, zikiwemo Kibaha na Kisarawe.

1.1 Anguko katika tamthilia

Kinjeketile anawaunganisha watu kwa imani ya maji. Utabiri unapowaita watoto wa Seyyid Said, anatambua kwamba huenda bwana mmoja atabadilishwa kwa mwingine, naye anaingiwa na shaka. Hata hivyo, neno limekwisha kumtoka na wapiganaji hawakubali tena kusubiri. Baada ya kushindwa, anakataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, kwa kuwa kuyakana ni kuwaachia wajukuu fundisho kwamba mababu walikosea kupigana. Kosa lake, basi, ni kuzindua nguvu asiyoweza kuidhibiti. Uthabiti wake wa mwisho hauwezi kuitwa dosari.

1.2 Ushahidi wa historia

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza Umatumbi. Vita viliendelea hadi 1907. Iwapo anguko la umma lingetokana na kosa la mtu mmoja, kifo chake kingeyazima mapambano mapema. Uzaramo unaonesha chanzo kipana zaidi. Tangu 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha kilimo cha pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe, kwa ujira duni na kwa hasara ya mashamba ya chakula ya wakulima wenyewe. Kibasila, jumbe wa Kisangire, aliyetarajiwa kuusimamia mfumo huo, aliupinga, akajiunga na vita, akanyongwa.

1.3 Hitimisho

Hussein mwenyewe alimtenganisha mhusika wake na Kinjeketile wa historia. Kwa kumweka hai hadi baada ya kushindwa, anampa nafasi ya kuwajibika kwa neno lake, nafasi ambayo kitanzi cha Mohoro kilimnyima mtu halisi. Uwajibikaji huo ni wa kisanaa. Mhakiki anayeuhamishia kwenye historia huwabebesha walionyongwa lawama ya vita, na kuiondoa pamba, kazi ya shuruti na bunduki katika orodha ya visababishi.