Mazoezi yaandikwe kama dawa, simu ifuatilie dozi

MGONJWA wa shinikizo la damu anapotoka kliniki mjini Moshi huwa na cheti chenye maelekezo kamili: jina la dawa, uzito wa kidonge, ameze mara ngapi kwa siku na arudi lini. Kuhusu mazoezi, ambayo nayo ni sehemu ya tiba yake, mara nyingi huwa ameambiwa maneno mawili tu: "Fanya mazoezi." Hakupewa kipimo wala muda, na hakuna atakayemuuliza kama aliyafanya. Akifika nyumbani Shirimatunda, maneno hayo husahaulika kabla dawa hazijakwisha.

Katika nchi kadhaa madaktari sasa huandika mazoezi kwenye cheti kama wanavyoandika dawa, kisha hutumia simu na vifaa vya kidijitali kumfuatilia mgonjwa. Makala haya yanaeleza utaratibu huo unavyofanya kazi, na yale ambayo mkazi wa Moshi anapaswa kuyafahamu kabla ya kuutegemea.

Tatizo lipo mlangoni

Wilaya ya Hai, jirani na Moshi, ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako kiharusi kimehesabiwa nyumba kwa nyumba. Utafiti uliofanyika huko na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam, baada ya hesabu kurekebishwa kwa kuzingatia umri. Chanzo kikuu cha kiharusi ni shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia tisa walikuwa na kisukari.

Serikali imekuwa ikihimiza mazoezi. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa iliyoitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Moshi yenyewe imekuwa mwenyeji wa mbio za Kilimanjaro Marathon tangu mwaka 2003. Hata hivyo, kampeni huzungumza na watu wote kwa pamoja, na mbio huwavutia walio wazima. Mama wa miaka 58 mwenye magoti yanayouma na shinikizo la damu anahitaji maelekezo yake mwenyewe.

Dozi ya mazoezi

Kama ilivyo kwa kidonge, cheti cha mazoezi hutaja mambo manne: aina ya zoezi, mara ngapi kwa wiki, muda wa kila mara na ukali wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unawataka watu wazima, wakiwemo wenye shinikizo la damu, kisukari na wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Ukali hupimwa bila kifaa chochote. Ikiwa unaweza kuzungumza huku ukitembea lakini huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Kwa mama tuliyemtaja, cheti chaweza kusomeka hivi: kutembea kwa haraka dakika 10, siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, kuongeza dakika tano kila wiki hadi kufikia 30, kusimama na kuketi kitini mara 10, siku mbili kwa wiki. Akitimiza yote, kutembea peke yake kutampatia dakika 150.

Simu inaingia wapi

Uzoefu wa New Zealand unafundisha. Huko, mpango wa madaktari kuandika mazoezi kwenye cheti maalumu ulianza mwaka 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha wagonjwa 878 wa umri wa miaka 40 hadi 79 wasiokuwa na mazoezi, ulikuta kuwa kwa kila wagonjwa 10 hivi walioandikiwa, mmoja zaidi alikuwa akifikisha saa mbili na nusu za mazoezi kwa wiki baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa hao hawakupewa karatasi tu. Mtaalamu wa mazoezi aliwapigia simu katika miezi ya mwanzo kuwauliza wanaendeleaje.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2019, daktari anaweza kumwandikia mgonjwa programu ya simu iliyoidhinishwa na bima ikailipia. Miongoni mwa zilizoidhinishwa mwaka 2020 imo inayowaongoza wagonjwa wa mgongo katika mazoezi.

Kwetu si lazima kuanzia huko. Simu ya kawaida, maarufu kama kitochi, inatosha kwa kazi ya msingi. Kila Jumapili jioni kituo cha afya kinaweza kutuma ujumbe mfupi: "Wiki hii umetembea siku ngapi?" Mgonjwa hujibu kwa tarakimu moja. Akijibu sifuri mara mbili mfululizo, au akieleza kuwa kifua kinauma, muuguzi humpigia. Asiyejua kusoma hupigiwa moja kwa moja.

Njia hiyo si ngeni mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kilimanjaro (KCRI) wamekwisha kujaribu ujumbe wa simu, pamoja na kasha linalotambua linapofunguliwa, katika kufuatilia unywaji wa dawa za Virusi vya Ukimwi. Aidha, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imeandaa wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi. Wataalamu hao ndio wenye ujuzi wa kupima dozi.

Hata hivyo, ujumbe peke yake hauna nguvu kubwa. Jijini Cape Town, Afrika Kusini, wagonjwa 1,372 wa shinikizo la damu walishirikishwa katika jaribio la ujumbe mfupi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, waliotumiwa ujumbe wa kuwakumbusha tiba walikuwa na shinikizo pungufu kwa takriban milimita mbili tu. Ujumbe ambao hakuna mhudumu anayesoma majibu yake ni sawa na tangazo la redioni.

Kipimo kinapokosea

Wenye simu janja wana programu za kuhesabu hatua. Lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku halikutoka hospitalini. Lilitokana na jina la kifaa kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa takriban hatua 7,000 tayari zinaambatana na faida kubwa kiafya.

Katika miteremko ya Kilimanjaro kuna tahadhari nyingine. Hatua 2,000 za kupanda kuelekea Kibosho si sawa na hatua 2,000 za kushuka kwenda mjini, ingawa simu nyingi huzihesabu sawa. Simu iliyoachwa jikoni haihesabu kitu, na mama aliyevaa kanga hana mfuko wa kuitia. Aliyeshinda akilima au akibeba majani ya ng'ombe anaweza kuambiwa na simu kuwa hakufanya lolote. Mhudumu lazima aulize kazi za siku nzima kabla ya kuamini tarakimu.

Saa janja zinazopima mapigo ya moyo nazo zina mtego wake. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama atenolol na propranolol, hupunguza kasi ya moyo. Mgonjwa anayezitumia akilenga mapigo yaliyopangwa na saa anaweza kujichosha kupita kiasi. Kwake, kipimo cha kuzungumza ni salama zaidi.

Wa kupimwa kwanza

Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, au ambaye shinikizo lake akiwa ametulia ni 180/110 au zaidi, amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini apange chakula na dozi yake pamoja na mtaalamu, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni avae viatu vilivyofunika na akague nyayo kila jioni. Hakuna programu ya simu itakayomwonea kidonda.

Suala la siri nalo ni zito. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, hivyo ujumbe usitaje ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuuliza zinakokwenda kabla ya kuruhusu programu yoyote kuzikusanya.

Msomaji asisubiri mfumo mpya. Katika ziara ijayo ya kliniki, amwombe mhudumu aandike kwenye cheti mambo yale manne: aina, mara ngapi, dakika ngapi na ukali gani. Kisha aulize swali la tano, ambalo ndilo hubebwa na simu: "Ni nani atakayenipigia kujua kama nimefanya?"