Ukuta na Nakshi Yake: Kwa Nini Mafundi wa Pwani Walichagua Chokaa

Hebu inua macho uangalie kona ya dari ya chumba ulichokaa. Kama nyumba ni mpya, na upo Dar, Mombasa au mji mwingine wa karibu na bahari, huenda ukaona mkanda mweupe wa jipsamu wenye umbo la maua au mawimbi. Unapendeza, bei yake si mbaya, na fundi anaumaliza haraka. Shida inakuja masika. Paa likivuja kidogo tu, mkanda unaota madoa ya kahawia, unalainika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, halafu siku moja kipande kinadondoka sakafuni.

Sasa twende Lamu. Kule kuna nyumba za karne ya 18 ambazo nakshi zake za ukutani bado zinaonekana vizuri, ingawa hewa yake ni ileile ya chumvi na unyevu. Wale mafundi walifanya nini tofauti? Jibu limo kwenye malighafi waliyochagua, na historia yake inaanza mbali kidogo.

Kwanza lilikuwa tumbawe

Tuanzie Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Mihrabu ya msikiti wa pale ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yaliyochongwa kwenye tumbawe. Kilwa nako, jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, lilipambwa kwa mawe ya namna hiyohiyo.

Tukisema "mawe ya matumbawe" tunachanganya vitu viwili. Kuna jiwe la nchi kavu: gumu, lenye matundu, mabaki ya miamba ya bahari ya kale. Hilo ndilo lililojengea kuta. Halafu kuna tumbawe la jenasi ya Porites, lililokatwa baharini likiwa hai. Likiwa bichi ni laini kiasi cha kuchongeka kwa zana za kawaida za mkono. Likishakauka hewani linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda maalumu wa kufanya kazi yake, na akichelewa anaanza kupambana na jiwe.

Hapo tayari tuna kanuni ya kwanza ya kuchagua nyenzo ya nakshi: iwe laini wakati wa kuichonga, ngumu wakati wa kuishi nayo. Ya pili imejificha kidogo. Tumbawe la nakshi na jiwe la ukuta ni kemia moja, yote mawili kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Pambo na ukuta vilikuwa ndugu.

Lakini tumbawe lina mipaka yake. Kulikata chini ya maji ni kazi nzito, kila kipande kina ukubwa wake, na viungo kati ya vipande vinaonekana. Ukitaka kupamba ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, unahitaji kitu kinachopakika.

Jiwe linalogeuka uji, kisha linarudi kuwa jiwe

Kitu hicho ni chokaa. Unapanga magogo, unaweka vipande vya matumbawe juu yake, unawasha moto. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa inatoka ndani ya jiwe. Kwa hesabu ya kemia, kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zinabaki kilo 56 tu. Kilo 44 zimepaa angani. Kinachobaki ni chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, ndiyo maana tunasema chokaa "inazimwa". Ikishazimwa inakuwa uji mzito mweupe.

Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, unaanza safari ya kurudi. Unanyonya hewa ya ukaa taratibu kutoka hewani na kugeuka tena kuwa kalsiamu kaboneti. Yaani jiwe limevunjwa kwa moto, limepakwa utakavyo, kisha limerudi kuwa jiwe.

Safari hiyo inachukua wiki na miezi, na sehemu za ndani kabisa hata miaka. Mkandarasi wa leo angelalamika. Kwa mchongaji, ule upole ulikuwa neema: lipu ikishaanza kushika lakini bado ina ubichi, unaikata kwa kisu, unarudi, unarekebisha. Ndiyo maana karne ya 18, katika miji ya Lamu, Pate na Siyu, tunakuta nakshi za chokaa ambazo zingekuwa mateso makubwa kuzichonga kwenye jiwe.

Kazi maarufu zaidi ni zidaka, ambazo kwa Kiswahili sanifu ni vidaka: safu juu ya safu za vijishimo vya ukutani vyenye matao, vimezungushiwa mikanda ya nakshi. Ndani yake vilipangwa vyombo vya thamani, vikiwemo vya kaure kutoka China. Ila zidaka zilikuwa na kazi nyingine. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi au chini, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwanga unaingia kutoka kiwanda, ule ua wa wazi. Ukifika chumba cha nyuma, ambacho Waamu wanakiita ndani, mwanga umebaki kidogo sana. Chokaa nyeupe inaurudisha mwanga huo chumbani. Kumbe pambo lilikuwa linafanya kazi ya taa!

Kwa nini si mbao, na kwa nini si jasi?

Mbao zilikuwepo, na mafundi walizijua vizuri. Milango ya nakshi ni ushahidi. Lakini mlango unapigwa na hewa pande zote mbili. Ubao uliobandikwa kwenye ukuta wenye unyevu una mgongo usioonekana, na hapo ndipo mchwa anapopenda kukaa. Utagundua siku umeugusa ukabaki na unga mkononi.

Jasi, ambayo mtaani tunaiita jipsamu, nayo ina historia ndefu. Katika mji wa Samarra, Iraq, ulioanza kujengwa mwaka 836, kuta zilifunikwa kwa nakshi za jasi. Kule lilikuwa chaguo la busara. Nchi ni kame, na jasi inahitaji joto la kama nyuzi 150 tu, kwa hiyo kuni kidogo zinatosha.

Lakini hebu tuilete pwani yetu. Jasi ni kalsiamu salfeti yenye maji ndani yake, na lita 1 ya maji inayeyusha gramu 2 na zaidi za jasi. Kalsiamu kaboneti inayoyeyuka kwenye kiasi hichohicho cha maji safi haifiki hata sehemu moja ya mia ya hapo. Samarra tofauti hiyo haisumbui sana. Kwenye masika na vuli, ndani ya ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini, inaamua kama nakshi itabaki au itaondoka.

Saruji ilipoingia

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza ya saruji ya Portland. Saruji za ukoo huo zilipofika pwani zilionekana mkombozi: ngumu, na zinashika haraka. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Maji yanaingia, kisha yanatoka taratibu kama mvuke. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakwama nyuma yake pamoja na chumvi. Chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinasukuma, na lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Nakshi iliyoishi miaka 200 inaweza kupotea kwa sababu ya ukarabati wa wiki moja.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Lakini ndani ya nyumba hizo wanaishi watu. Mfuko wa saruji upo duka la jirani. Chokaa iliyoiva inataka subira. Mwenye nyumba ambaye ukuta wake unamenyeka wiki mbili kabla ya Idi, subira ataitoa wapi?

Na tusiyasifu tu ya kale. Kila tumbawe hai lililochongwa lilikuwa nyumba ya samaki, na tanuri lilikula kuni nyingi. Leo kuvunja matumbawe hai ni kuubomoa mwamba unaolinda ufukwe wetu dhidi ya mawimbi. Bahati nzuri kemia haibagui: chokaa ya mawe ya nchi kavu, kama yale ya Tanga, inarudi kuwa kalsiamu kaboneti ileile.

Jipsamu si adui. Kwenye chumba kikavu chini ya paa zima, itakaa vizuri tu. Ila kabla hujamlipa fundi, uliza maswali ambayo mafundi wa Lamu waliyajibu kwa mikono yao: ukuta huu unapata maji kutoka wapi, na yatatokea wapi? Nyenzo hii ikilowa itakuwaje? Baada ya miaka 20, kipande kikiharibika kitazibika, au itabidi kubomoa chote?

Na siku ukipita Lamu au Mji Mkongwe, tafuta ukuta ambao lipu yake imebanduka vibaya. Chungulia kwenye ukingo wa jeraha: ukiona tabaka la kijivu juu ya jeupe, utajua kilichotokea.