Namba Iliyogongwa Shingoni

Kuna pikipiki ambazo ukizikuta zimeegeshwa utadhani wezi wa vipuri wamezipitia usiku. Kiti ni kipande chembamba ambacho mtu mzima hawezi kukikalia hata nusu saa. Tangi la petroli ni dogo, ekzosi imepandishwa juu karibu na paja, na taa ama hazipo kabisa au ni vijitaa vya kumridhisha askari wa usalama barabarani. Na bado chombo cha namna hiyo, chenye umri wa miaka sitini hivi, huuzwa Uingereza kwa maelfu ya pauni, na wanunuzi hukigombania.

Nazungumzia pikipiki za mchezo uitwao trayali. Nimeuchagua juma hili kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mwanahistoria na mnunuzi wa kawaida hukutana nalo pamoja: utajuaje kwamba kitu cha kale ndicho chenyewe?

Trayali si mashindano ya mbio. Mpandaji hupita peke yake katika kipande cha njia kilichowekwa alama, penye mawe ya utelezi, kijito, mizizi ya miti au mwinuko wa tope. Mwamuzi hamtazami usoni, humtazama miguu. Akigusa chini mara moja anaandikiwa pointi moja ya adhabu. Akizidisha, zinafika tatu. Akishindwa kabisa, tano. Mwenye pointi chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo pikipiki inayotakiwa si ile yenye kasi, bali ile nyepesi, iliyoinuka kutoka ardhini, na ambayo injini yake huvuta kwa upole hata ikizunguka polepole sana.

Mchezo huu ulizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati viwanda vya Uingereza vilipotaka kuwaonyesha wateja kwamba pikipiki zao zaweza kupanda milima bila kufia njiani. Mashindano ya Siku Sita ya Uskoti yalipata urefu huo wa siku sita mwaka 1911, na kituo chake ni mji wa Fort William, chini ya milima mirefu kuliko yote katika Uingereza. Kwa muda wote huo, ukiacha miaka ya vita, waliotamba pale walikuwa Waingereza juu ya pikipiki za Kiingereza: Ariel, BSA, AJS, Matchless, Royal Enfield na nyinginezo. Nyingi zilikuwa nzito, zenye silinda moja kubwa.

Hapo ndipo anapoingia kijana wa Belfast aitwaye Sammy Miller, aliyezaliwa mwaka 1933. Pikipiki yake ilikuwa Ariel aina ya HT5, yenye injini ya sentimita za ujazo 500, na namba yake ya usajili, GOV 132, inajulikana na mashabiki wa mchezo huu kama sisi tunavyojua majina ya timu zetu. Herufi OV zilikuwa za mji wa Birmingham, ambako Ariel walikuwa na kiwanda chao. Naomba msomaji alishike hili, maana tutalirudia: GOV 132 haikubaki kama ilivyotoka kiwandani. Miller alikata, akatoboa, akabadilisha fremu na kuondoa kila alichoweza kuondoa, mwaka hadi mwaka, mpaka pikipiki ile nzito ikawa nyepesi kuliko dada zake zote. Akaitumia kushinda Siku Sita za Uskoti mwaka 1962 na tena mwaka 1964.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1964 akafanya jambo lililowashtua Waingereza. Alikwenda Barcelona. Alikaribishwa na Francisco Bultó, tajiri aliyekuwa mmoja wa waasisi wa kiwanda cha Montesa, akatoka huko kwa sababu wenzake waliamua kuacha mashindano, na mwaka 1958 akaanzisha chake mwenyewe, Bultaco. Kwa muda wa wiki mbili hivi Miller na mafundi wa Bultó walishinda porini, wakijaribu, wakichomelea upya, wakijaribu tena. Kilichotoka ni Sherpa T: injini ya mapigo mawili, yaani ile inayochanganyiwa oili katika petroli, yenye ujazo wa sentimita 244, katika chombo chenye uzito usiofika kilo 100.

Mei 1965 Miller akaipeleka Uskoti, akashinda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa pikipiki ya kigeni kushinda mashindano yale, na mara ya kwanza kwa injini ya mapigo mawili. Baada ya hapo mlango ukabaki wazi. Mick Andrews alishinda mara tatu mfululizo, 1970 hadi 1972, juu ya Ossa, nayo ya Hispania. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalipoanza mwaka 1975, Bultaco ilichukua miaka mitano ya kwanza yote. Na BSA, kampuni iliyowahi kujigamba kuwa kubwa kuliko zote duniani katika pikipiki, ilianguka mwaka 1973. Sisemi kwamba Sherpa ndiyo iliyoiua BSA. Wakubwa wa viwanda vile walikuwa na makosa yao mengi, na Wajapani walikuwa wameshabisha hodi. Lakini kwenye matope, kifo chao kina tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa kama mpaka. Wapenzi wa pikipiki za kale walipoanza kuandaa mashindano yao, waliweka daraja la pikipiki za kabla ya mwaka 1965, na mashuhuri kuliko yote katika daraja hilo hufanyika Kinlochleven, jirani na Fort William. Maana yake ni moja tu: vyombo vya kabla ya Sherpa.

Sasa tazama kilichofuata, msikilizaji. Pikipiki za trayali za Kiingereza hazikutengenezwa nyingi, na zilizotengenezwa zilipigwa mawe mpaka zikaisha. Lakini watu wanaozitaka ni wengi. Basi karakana zikaanza kuzizalisha upya. Leo waweza kuiona BSA au Triumph ya "kabla ya 1965" ambayo fremu yake imechomelewa juzi, habu zake ni mpya na silinda yake ni mpya, na cha kale kilichobaki ni jina tangini. Nyingine zilizaliwa kama pikipiki za barabarani, mathalani Triumph Tiger Cub ndogo zile, zikavuliwa nguo na kuvishwa za trayali. Mimi sina ugomvi na fundi anayefanya hivyo kwa uwazi, maana kazi yake mara nyingi ni nzuri kuliko ya kiwandani. Ugomvi wangu ni na yule anayeipiga vumbi kidogo, akaizungushia hadithi ya babu, akapandisha bei.

Dawa yake tunaijua hata sisi tunaonunua magari ya mitumba: namba. Pikipiki ina namba mbili, ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa shingoni pale usukani unapozungukia, na ya injini. Bultaco walikuwa na utaratibu wa kumrahisishia kazi mchunguzi. Tarakimu za mwanzo ndizo zinazotaja aina: Sherpa T ya kwanza kabisa ni aina ya 10, zikafuata 27, 49 na kuendelea. Tena namba ya fremu na ya injini zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Hili lina faida kubwa, kwa sababu Bultaco walilitumia jina la Sherpa kwa zaidi ya pikipiki moja. Ilikuwapo Sherpa S, ya mbio za porini, ambayo si trayali hata kidogo. Anayesoma jina tangini anaweza kununua S akidhani amepata T.

Kwa pikipiki za Kiingereza kuna msaada mwingine. Chama cha wenye pikipiki za kale, kilichoanzishwa mwaka 1946, kimehifadhi daftari za viwanda kadhaa, zikiwamo za BSA na Triumph. Unapeleka namba, unaambiwa chombo kilitoka kiwandani lini na kikiwa cha aina gani. Kikijibiwa kuwa kilitoka kama pikipiki ya barabarani, bei ishuke hapohapo.

Hata hivyo namba kutofautiana si lazima iwe ushahidi wa wizi au udanganyifu. Hapa tuirudie GOV 132. Pikipiki hizi zilikuwa majembe. Injini ikifa Ijumaa na mashindano ni Jumapili, mtu alifunga injini ya rafiki yake akaenda. Fremu ikipasuka ilitupwa. Pikipiki mashuhuri kuliko zote za mchezo huu ilibadilishwa na mwenyewe mpaka asiyejua angeweza kuiita ya kughushi. Tofauti ni kwamba yake inajulikana nani aliibadilisha, lini, na kwa nini. Ndiyo maana mimi ningemshauri mnunuzi achague pikipiki chakavu yenye karatasi zake, kadi ya zamani ya usajili, picha moja mbili za mashindano, kuliko ile inayong'aa isiyo na chochote.

Chakavu nayo ina mipaka. Mnunuzi apige magoti atazame chini ya fremu na mahali pa kuwekea miguu, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Ashike gurudumu la nyuma alitikise kushoto na kulia. Na kama ni Bultaco ya zamani yenye tangi la faibaglasi, amuulize muuzaji ametia petroli gani. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hulainisha matangi ya namna hiyo, ikapeleka ute wake kwenye kabureta.

Mwisho ni ile namba ya shingoni. Rangi mpya ikiwa nzito hapo, aombe ruhusa ya kuikwangua kidogo, atazame kama tarakimu zimekaa mstari mmoja na kina kimoja, au kama kuna alama ya tupa chini yake. Muuzaji akikataa, amshukuru kwa chai, arudi na fedha zake.