Ajali za Mwanzo za Ndege katika Kenya

Ajali za mwanzo za ndege katika Kenya ni zile zilizotokea kati ya mwaka 1926, ndege ya kwanza kuandikishwa nchini ilipoanza kuruka Nairobi, na 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipozichukua ndege za kiraia. Makala hii inazitazama zile zilizotokea Nairobi na Voi, pamoja na nyingine zilizotokea mbali, Sudan, Kongo hata Kanada, lakini zikahusu marubani au ndege za Kenya, au njia iliyopita kwenye maziwa yetu. Turkana, ambako leo mgonjwa mahututi wa Lodwar au Kakuma hupelekwa Nairobi kwa ndege kama kitu cha kawaida, inaingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma.

Jina halikuleta shida. Kiswahili kilikuwa tayari na ndege wa mtini, kikampa jina lake huyu wa injini. Wapo waliosema eropleni, na Wakongo mpaka leo husema ndeke.

Kwa nini zilianguka

Ndege za wakati ule, hasa aina ya Moth iliyotengenezwa na de Havilland, zilikuwa mbao na kitambaa kilichopakwa rangi ya kukikaza. Injini ya Moth za kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 60 tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi: injini hupungukiwa na nguvu, panga boi hushika hewa kidogo, na bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili liibebe ndege ileile. Jua la mchana likizidi, hewa huzidi kuwa nyepesi. Rubani aliyejifunza Uingereza, karibu na usawa wa bahari, alikuta ndege yake imekuwa nzito ya kuamka.

Viwanja navyo vilikuwa nyasi zilizofyekwa. Kabla ya kutua ilibidi pundamilia wafukuzwe, na shimo moja la ngiri lilitosha kuvunja mguu wa ndege. Redio haikuwemo. Marubani wengi waliifuata reli, kwa kuwa ramani za wakati huo zilikuwa na sehemu nyeupe kubwa, na kaskazini ya Kitale weupe ulizidi.

Jambo jingine halitajwi sana: katika Moth tangi la mafuta lilikaa kwenye bawa la juu, karibu juu ya kichwa cha aliyeketi mbele. Ndege ikianguka, mafuta yalimwagikia watu.

Maia Carberry, 1928

John Carberry, bwana wa Kiayalandi aliyekuwa na shamba Nyeri, ndiye aliyeleta ndege ile ya kwanza kuandikishwa, aina ya DH.51 iliyoitwa Miss Kenya. Mkewe, Maia, alijifunza kuruka akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani nchini. Tarehe 12 Machi 1928 alikuwa akimfundisha kijana Dudley Cowie katika kiwanja cha Barabara ya Ngong, Nairobi. Ndege yao, si Miss Kenya, ilianguka na wote wawili wakafa. Bintiye Maia, Juanita, alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Mafunzo ndiyo yaliyokuwa hatari kuliko safari. Mwanafunzi akipunguza mwendo mno wakati wa kugeuka, bawa moja huacha kubeba kabla ya jingine na ndege huanza kujizungusha kama pia. Juu sana, rubani ana nafasi ya kuirekebisha. Karibu na ardhi hana.

Ajali hiyo haikuwatia watu woga. Mwaka uliofuata Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, huku Tom Campbell Black akiwa rubani wake mkuu, na jina la mama huyo ndilo lililobaki katika Uwanja wa Wilson.

Voi, 1931

Ajali inayojulikana zaidi ni ya Denys Finch Hatton, mwindaji na rafiki wa mwandishi Karen Blixen. Alikuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe, akaitumia kutafuta tembo kutoka angani, kazi iliyokuwa mpya wakati ule. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi, akazunguka kiwanja, kisha ndege ikashuka ghafla na kushika moto. Voi haiko juu kama Nairobi, hivyo wembamba wa hewa hautoshi kuieleza ajali hii. Beryl Markham, aliyekuwa anajifunza urubani, alikusudia kwenda naye. Campbell Black alimsihi abaki, naye akabaki.

Finch Hatton alizikwa katika Vilima vya Ngong, na kaburi lake hutembelewa na watalii. Ndani ya ndege hiyo alikuwemo pia mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Vitabu vingi humpa Kamau nusu ya mstari, vingine humwita tu "mtumishi". Yeye naye alikufa saa ileile, kwa moto uleule, katika ndege ambayo hakuwa na usemi juu yake. Makala inayoorodhesha ajali ya Voi kuwa na marehemu mmoja ina kosa.

Waliotafutwa, waliotafuta

Mwaka huohuo wa 1931 Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza, alikuwa amemaliza kupiga picha za filamu Afrika Mashariki akirudi kwao. Alilazimika kutua katika nyika ya mabwawa ya Nile, Sudan. Campbell Black alimtafuta kwa ndege, akamwona na kumwokoa. Wakati huo hapakuwa na kikosi cha uokoaji. Palikuwa na jirani mwenye ndege.

Campbell Black mwenyewe hakuuawa na mabwawa wala nyika. Tarehe 19 Septemba 1936, katika uwanja wa Speke mjini Liverpool, alikuwa ameketi ndani ya ndege yake chini, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea uwanjani ikamgonga. Wiki mbili kabla ya hapo mwanafunzi wake Markham alikuwa amevuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, mafuta yakashindwa kufika kwenye injini, akaangukia bwawa la Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikizama matopeni. Alitoka na jeraha kichwani. Ndege aliiazima kwa John Carberry, yuleyule wa Nyeri, nayo ilikuwa na alama za Kenya: VP-KCC.

Ziwa Rudolf na upepo wake

Mnamo 1933 na 1934 Wamarekani Martin na Osa Johnson walizunguka Kenya kwa ndege mbili za Sikorsky zinazotua nchi kavu na majini, moja imepakwa milia ya pundamilia, nyingine mabaka ya twiga. Walifika Ziwa Rudolf, ndilo Ziwa Turkana la leo, wakapiga picha za filamu. Martin hakufa huko. Alikufa Januari 1937 baada ya ndege ya abiria kuanguka California.

Anayeruka huko hukutana na upepo wa ziwa. Anayeishi Kerio, Kalokol au Lodwar anaujua, upepo wa kusini-mashariki unaovuma kabla ya mapambazuko na kutulia jua likipanda. Wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza kitaalamu mwaka 1982: hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikapita kwa kasi kama maji kwenye mfereji. Lodwar iko mita 520 tu juu ya bahari, lakini joto lake huipunguza faida ya kuwa chini.

Corsair, 1939

Tarehe 14 Machi 1939 ndege kubwa ya majini ya kampuni ya Imperial Airways, Corsair, ilitoka Ziwa Viktoria kuelekea Juba. Kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu, wakapotea, na mafuta yakiwa yanakwisha Kapteni Alcock alitua katika mto Dungu karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo. Jiwe lilitoboa tumbo la ndege. Abiria wote walipona.

Kuitoa ilichukua miezi kumi. Jaribio la kwanza liliishia kwenye mwamba mwingine. Ikabidi mto uzibwe kwa boma ili maji yajae, kazi iliyofanywa kwa mikono ya wanakijiji wa hapo, na makazi yaliyoota kando ya kazi hiyo yakaitwa Corsairville. Iliruka Januari 1940. Jina la nahodha linajulikana. Majina ya waliojenga boma hayakuandikwa.

Miss Kenya, iliyoanza yote haya, ilirudishwa Uingereza mwaka 1965 ikiwa imepakiwa ndani ya tumbo la ndege ya kijeshi. Imehifadhiwa katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden.