Kisanduku na Makopo Mawili

Tarehe 4 Januari 1963, maofisa wa serikali ya Marekani walivamia jengo la Kanisa la Scientology mjini Washington. Hawakuwa wakitafuta bunduki wala dawa za kulevya. Walichobeba siku hiyo ni marundo ya vitabu na visanduku zaidi ya mia moja. Kila kisanduku kilikuwa na mshale unaochezacheza nyuma ya kioo, na nyaya zilizounganishwa na makopo mawili. Katika miaka ya mwanzo yalikuwa makopo kweli, ya aina ile inayouzwa dukani ikiwa na supu ndani.

Ukiyashika makopo hayo, umeme mdogo sana hupita mwilini mwako, na mshale huyumba kadiri ngozi inavyoupitisha kwa wepesi au kwa shida. Viganja vikilowa jasho, mshale unasogea. Mashine za kupimia uongo nazo hutumia kanuni hiyo. Mwenye kisanduku anauliza maswali, wewe unajibu, yeye anatazama mshale. Wafuasi wa Scientology hukiita kifaa hicho E-meter, na kikao chenyewe hukiita ukaguzi. Wanaamini kwamba mshale unaonyesha mahali maumivu ya zamani yalipojificha, hata yale ya maisha yaliyotangulia haya.

Wavamizi walitumwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa. Hoja yao ilikuwa fupi: hiki ni kifaa cha tiba, na wanaokitumia wanawadanganya wagonjwa. Kanisa likajibu kwamba hiki ni chombo cha ibada na serikali haina ruhusa ya kukigusa. Kisanduku ni kimoja, majina ni mawili. Kesi ilichukua zaidi ya miaka minane. Naisimulia hapa kwa sababu naamini swali lililokuwa ndani yake linatugusa hata sisi ambao huenda hatujawahi kukutana na mfuasi mmoja wa Scientology.

Wenye shaka walikuwa na sababu nzuri za kushuku. Mwanzilishi, L. Ron Hubbard, alikuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi. Mei 1950 alichapisha kitabu kiitwacho Dianetics, na mwezi huohuo makala yake kuhusu jambo hilo ikatoka katika Astounding Science Fiction, jarida la hadithi za kubuni. Hakudai kwamba ameleta dini. Alidai kwamba amegundua sayansi ya akili, yenye uwezo wa kuponya hofu na maradhi kadha wa kadha. Kitabu kiliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Lakini mwaka uliofuata bodi ya madaktari ya jimbo la New Jersey iliipeleka taasisi yake mahakamani kwa kufundisha tiba bila leseni, na kufikia 1952 fedha zilikuwa zimekwisha na ufilisi umeingia.

Hapo ndipo Scientology ilipozaliwa. Sasa binadamu hakuwa tena akili inayohitaji kurekebishwa. Alikuwa roho isiyokufa, jina lake thetani. (Soma vizuri, si shetani.) Aprili 1953 Hubbard alimwandikia barua msaidizi wake, akipima faida za kuifuata njia ya dini. Desemba mwaka huohuo, kanisa likasajiliwa New Jersey, jimbo lilelile ambako madaktari walikuwa wamemfungulia mashtaka.

Kwa wengi, barua hiyo inamaliza ubishi: mtu alishindwa kuuza dawa, akavaa kanzu. Na yaliyofuata hayakupunguza shaka. Ukaguzi ulikuwa na bei. Mafundisho yalipangwa kwa ngazi, na ngazi za juu zilikuwa za siri, zikifunguliwa kwa waliolipia zile za chini. Mwaka 1967 Idara ya Mapato ya Marekani iliunyang'anya uongozi wa kanisa msamaha wa kodi, ikisema shughuli zake ni za kibiashara. Katika miaka ya 1970, watu wa kanisa walijipenyeza katika ofisi za serikali na kuiba nyaraka. FBI ilivamia majengo yake mwaka 1977, na watu 11, akiwemo mke wa Hubbard, wakatiwa hatiani.

Basi si dini, tuseme hivyo tufunge mjadala? Mahakama nyingi zilijaribu, na kila kipimo kilipasuka mikononi mwao.

Uingereza ilijaribu kipimo cha Mungu. Mwaka 1970 Lord Denning aliamua kwamba jengo la Scientology huko East Grinstead si mahali pa ibada kwa sababu ndani yake haabudiwi Mungu yeyote. Lakini Wabudha je? Ikabidi wahesabiwe kuwa tofauti na kanuni. Kanuni inayoiweka pembeni mojawapo ya dini kubwa za dunia ina kasoro mahali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo, katika shauri la wachumba waliotaka kufunga ndoa katika kanisa la Scientology jijini London, iliutupa uamuzi wa Denning na kuwaruhusu waoane.

Australia ilianza na marungu. Baada ya ripoti kali ya uchunguzi ya mwaka 1965, jimbo la Victoria liliipiga marufuku Scientology. Lakini mwaka 1983, katika kesi ya kodi, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba ni dini. Majaji wawili waliweka vigezo viwili: kuamini kitu au kanuni iliyo juu ya maumbile, na kukubali mwenendo wa maisha unaotokana na imani hiyo. Kuhusu malaghai, waliandika kwa ukavu kwamba kuwepo kwao ni gharama ya lazima ya uhuru wa dini.

Kauli hiyo iliniudhi nilipoisoma mara ya kwanza. Kisha nikajaribu kuvitumia vipimo vyangu mwenyewe. Kipimo cha bei? Nitafanya nini na mafuta ya upako na maji ya baraka yanayouzwa kwa chupa katika miji yetu? Kipimo cha imani ya ajabu? Kila imani ni ajabu kwa aliyeko nje ya mlango. Kipimo cha nia ya mwanzilishi? Waanzilishi wengi walikufa zamani bila kutuachia barua, na huenda tunawaheshimu kwa sababu hiyo pia.

Tena sisi wenyewe tumeshawekwa kwenye mizani hiyo. Wakoloni walipotuhesabu, aliyekuwa na msikiti au kanisa aliandikiwa dini. Aliyetambikia mababu aliandikwa mpagani, yaani mtu asiye nayo. Magharibi mwa Kenya, Elijah Masinde alilikamata neno hilo na kuwarudishia: akaiita harakati yake Dini ya Msambwa, dini ya mizimu ya mababu. Serikali ya kikoloni ilimfungia kwanza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kisha mwaka 1948 ikaipiga marufuku harakati yake na kumweka kizuizini hadi 1961. Serikali ya Kenya huru nayo ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Kila mara, swali la kama hii ni dini lilijibiwa na mtu mwenye funguo za jela, na jibu lilitegemea hofu yake.

Ndiyo maana siwaamini sana wanaotaka serikali itenge dini za kweli na za uongo. Lakini pia siwezi kusema kila mtu aachwe na lake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu, watoto wengi miongoni mwao. Kanisa lao lilikuwa limesajiliwa. Kwa kipimo cha Denning, lilikuwa na Mungu. Kwa kipimo cha Australia, lilikuwa na imani na mwenendo. Cheti kilikuwepo. Mhubiri wao alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017 kwa madai yaliyohusu watoto kunyimwa shule. Huo ndio mshale uliokuwa umeyumba, na hakuna aliyeufuata hadi mwisho.

Hapo narudi Washington. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba serikali haikuwa imethibitisha kuwa Scientology si dini, na kwamba si kazi ya mahakama kupima ukweli wa mafundisho ya dini. Mwaka 1971 jaji Gerhard Gesell akatoa amri ya mwisho. Visanduku virudishwe. Vitumike katika ushauri wa kidini tu. Na viwe na maandishi yanayoonya kwamba havina faida yoyote ya kitiba au kisayansi katika kupima wala kuponya ugonjwa.

Jaji hakukwambia uamini nini. Alihakikisha tu kwamba mwenye uvimbe kifuani hatashika makopo akidhani yuko kliniki. Mahakama za Ufaransa zilifuata njia kama hiyo: mwaka 2009, mjini Paris, mashirika mawili ya Scientology yalitiwa hatiani kwa ulaghai na kutozwa faini ya jumla ya yuro 600,000, hukumu iliyothibitishwa 2013. Swali lilikuwa nani aliuziwa nini, kwa maneno gani.

Marekani yenyewe ilimaliza ugomvi wake kwa namna nyingine. Oktoba 1993 Idara ya Mapato ilirudisha msamaha wa kodi, kanisa likalipa dola milioni 12.5, na maelfu ya wafuasi wakashangilia katika ukumbi wa michezo jijini Los Angeles. Masharti yalibaki siri hadi gazeti lilipoyafichua mwaka 1997. Kwa hiyo, katika nchi yenye nguvu kuliko zote, jina la dini lilitolewa na watoza ushuru, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa Kiarabu, dini na deni huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Msomaji hutofautisha kwa kuangalia sentensi nzima. Na kwa Kiswahili, mtu akimdhulumu yatima tunasema hana dini, hata kama anaswali au kusali kila siku. Hatumuulizi anaamini nini. Tunaangalia alichofanya.

Likija kundi jipya mtaani kwako, utaulizwa kama hiyo ni dini kweli. Jibu upendavyo. Halafu uliza mengine: anayetaka kuondoka huondoka? Anaruhusiwa kuongea na mama yake? Mgonjwa hupelekwa hospitali? Fedha zinaenda wapi? Na watoto, mbona hatuwaoni shuleni?