Aliigiza na marais wawili, lakini yeye alibaki mganga

Swali la chemsha bongo: ni mwigizaji gani Mwafrika aliyetokea kwenye filamu moja na Jomo Kenyatta, kisha nyingine na Ronald Reagan, kabla hata mmoja wao hajawa rais? Usikimbilie Google kwanza.

Anaitwa Orlando Martins. Alizaliwa Lagos mwaka wa 1899. Najua mtaniuliza, Mnaijeria anatuhusu nini sisi watu wa Marafa? Tulieni, nitafika.

Huyu jamaa alikuwa baharia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akahamia London. Kule alicheza mieleka na akafanya kazi ya nyoka kwenye sarakasi. Yaani alihaso kama sisi tu. Polepole akaingia jukwaani, halafu kwenye filamu.

Mwaka wa 1935 ikatoka Sanders of the River. Staa alikuwa Paul Robeson, mwimbaji mkubwa Mmarekani mweusi. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, Uingereza, na watu weusi waliokuwa karibu wakatafutwa wakijaze. Martins alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa mwanafunzi Mkenya aliyekuwa anasoma London na mfuko ukiwa mkavu: Kenyatta. Akapewa kanafasi kadogo ka chifu. Filamu yenyewe inamsifu mkoloni anayetawala Waafrika kama watoto wadogo. Robeson baadaye aliikana hadharani.

Kenyatta akaendelea na siasa, Martins akaendelea na kamera. Hapo ndipo anapoingia kwetu.

Mwaka wa 1946, kwenye Men of Two Worlds, hadithi iko Tanganyika. Msomi anayeitwa Kisenga, mpiga piano, anarudi kutoka London kusaidia kupambana na ugonjwa wa malale. Anayempinga ni mganga Magole, anayemtisha mpaka jamaa anaanza kuamini atakufa. Magole ni Martins. Kisenga naye aliigizwa na Robert Adams wa Guyana. Mtanganyika hayupo kwenye nafasi hizo mbili kubwa za Waafrika!

Halafu Where No Vultures Fly, 1951, iliyopigwa hapa Kenya, kuhusu mzungu anayeanzisha mbuga ya wanyama. Martins yumo. Ikafuata West of Zanzibar, 1954, ya magendo ya pembe za ndovu mpaka huku pwani. Yumo tena. Simba, 1955, kuhusu Mau Mau: anacheza mzee wa kijiji, na daktari Mkikuyu Karanja ni Earl Cameron, mtu wa Bermuda. Mwaka wa 1963 yumo kwenye Sammy Going South, ya mtoto wa kizungu anayevuka Afrika peke yake.

Hebu simama hapo kwa Simba. Mwaka ule wa 1955 Kenyatta yuko jela kaskazini mwa Kenya, kafungwa kwa kesi ya Mau Mau. Mwenzake wa 1935 yuko kwenye skrini, kwenye filamu inayowaeleza Waingereza Mau Mau ni nini. Wote wawili walipitia kijiji kilekile cha bandia.

Na Reagan? Hiyo ni The Hasty Heart, 1949, hospitali ya wanajeshi kule Burma. Martins anaitwa Blossom, askari Mwafrika asiyejua Kiingereza. Mtu aliyekuwa ameishi London miaka na miaka akapewa nafasi isiyo na maneno! Na bado, kwa macho na tabasamu tu, anakubakia kichwani. Hicho ni kipaji, bana.

Kuna watakaosema aliwauza Waafrika. Mimi sikubali. Yeye hakuandika skripti. Mwigizaji mweusi wa miaka ile alichagua kati ya chifu, mganga, mbeba mizigo, au kukaa nyumbani njaa. Lawama nampa aliyeshika kalamu.

Sasa ndiyo nafika Marafa. Leo kalamu iko kwetu. Simu ni yako, hadithi ni yako, hakuna mzungu wa Shepperton anayekuamrisha. Halafu tunaandika nini? Fungua klipu za vichekesho ukutane na Mgiriama: kavaa kaniki, lafudhi imevutwa mpaka ikakatika, anatikisa kibuyu, anaroga jirani. Watu wanakufa kwa kucheka. Huyo ni Magole wa 1946, tofauti ni kwamba sasa tunamwandika wenyewe tena bure.

Mtaniambia ni utani tu. Lakini hapa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia makwao wamepewa hifadhi. Kosa lao ni mvi. Sisemi klipu ndiyo iliyoshika panga. Nasema kila tukimfanya mzee wetu kuwa mchawi wa kuchekwa, tunamrahisishia kazi yule anayetaka shamba lake.

Martins alirudi Lagos uzeeni, na kwenye miaka ya 1970 akapata kuonekana kwenye filamu zilizotokana na kazi za Wole Soyinka na Chinua Achebe, yaani hadithi za Waafrika wenyewe. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alifariki 1985, Reagan akiwa Ikulu ya Marekani.

Yeye alingoja maisha yake karibu yote apate hadithi kama hizo. Wewe una simu mkononi na una miaka 20. Kabla hujavaa hiyo kaniki, muonyeshe babu yako klipu uliyopanga. Asipocheka, ujue skripti yako bado ni ya Shepperton.